Mjomba Hayumo Kitabuni

Mtoto aingiapo darasa la kwanza hafiki shuleni mikono mitupu. Mkononi ana daftari na penseli, lakini kichwani ana elimu ya miaka sita au saba aliyoipata kwao. Anajua ni nani wa kuamkiwa kwa shikamoo na ni nani wa kutaniwa. Anajua nyumba anayoweza kuingia na kula bila kualikwa, na nyumba ambayo hana budi kupiga hodi na kungoja. Anajua mama akiugua ni nani hupelekewa habari kwanza. Katika vijiji vya Msimbati, Mahurunga na Kitaya, na huko juu kwenye uwanda wa Newala na Tandahimba, mtu huyo wa kwanza kupewa habari aghalabu ni mjomba.

Kisha mtoto huyo anafunguliwa kitabu cha kusoma. Ndani yake anamkuta baba, na baba anampenda. Anamkuta mama, na mama anapika. Akigeuza ukurasa anawakuta kaka na dada, na mbele kidogo babu na bibi. Watu sita hawa ni watu wema, wala hatuna ugomvi nao hata kidogo. Lakini mtoto wa Mtwara akiitazama jamaa ile yote ana haki ya kujiuliza: mjomba yuko wapi?

Swali hili laweza kuonekana dogo, nasi twaliona kubwa. Kitabu cha kwanza ndicho kinachomwambia mtoto kwamba shule inamjua au haimjui. Kikimwonyesha watu wake, atakifuata mpaka mwisho. Kikimwonyesha watu wa nyumba nyingine tu, atajifunza mapema kwamba kusoma ni habari ya wengine, na kwamba mambo ya kwao hayastahili kuandikwa. Jambo tunalotaka kulisema leo ni hili: vitabu vya kumfundisha mtoto wa Mtwara habari za jamaa na jamii havina budi viandikwe Mtwara, kwa mikono ya watu wa Mtwara, na visingoje mfadhili.

Sababu iko katika herufi

Kabla ya kulaumu ni vema kuelewa. Waandishi wa vitabu vya shule hawakukaa baraza wakaamua kumfukuza mjomba. Herufi ndizo zilizomfungia mlango.

Kusoma Kiswahili hufundishwa kwa silabi. Mtoto huanza na irabu tano, kisha hupewa silabi nyepesi, yaani konsonanti moja na irabu moja: ba, ma, da, ka, bi. Kwa silabi hizo aweza kusoma baba, mama, dada, kaka, babu na bibi. Hao wote huingia kitabuni bila taabu. Lakini neno mjomba lina konsonanti zilizoshikana, tena mara mbili. Shangazi halikadhalika. Mpwa na mkwe, ingawa ni maneno mafupi, ni magumu kwa mwanafunzi mchanga kuliko neno refu kama binamu. Mtani naye amekwama papo hapo. Konsonanti zilizoshikana hufundishwa baadaye, na huko baadaye kitabu kimekwisha kuiacha habari ya jamaa, kimehamia kwenye soko, shamba na wanyama.

Hivyo ndivyo jamaa ya Kiafrika, iliyo pana kama mwembe, ilivyopunguzwa ikabaki watu sita, kwa sababu tu majina yao ni mepesi kusoma. Jambo hili halikukusudiwa, lakini madhara yake ni yale yale.

Iko na sababu ya pili, nayo ni ya haki. Kitabu cha kiada, yaani kile ambacho kila mwanafunzi wa Tanzania hana budi kukisoma, ni kimoja kwa nchi nzima. Kinasomwa Bukoba na kinasomwa Mikindani. Hakiwezi kueleza desturi za kila ukoo, wala hatutaki kijaribu. Kazi hiyo ni ya vitabu vya ziada, vijitabu vyembamba vya hadithi ambavyo mtoto huvisoma kando ya kiada ili ulimi wake uzoee na moyo wake upende. Hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo halitazibwa na mtu aliyeko mbali.

Jamaa ya kusini

Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka yake mama ndiye mlinzi wa dada zake na wa watoto wao. Wayao wana neno mbumba, maana yake ni kundi la dada pamoja na watoto wao lililo chini ya uangalizi wa kaka yao. Heshima ya mtu mzima ilipimwa kwa jinsi alivyoitunza mbumba yake: kwamba wamekula, wameolewa kwa heshima, na ugomvi wao umesuluhishwa kabla jua halijatua.

Hatusemi kwamba mambo yamesimama pale pale. Dini zimempa baba nguvu zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu wa malezi juu ya wazazi. Vijana huondoka kwenda Dar es Salaam, wavuvi huenda dago kwa miezi, na watoto wengi hubaki mikononi mwa bibi mzaa mama. Siku hizi nyumba moja ya Mtwara yaweza kuwa na baba mwenye sauti, mjomba mwenye sauti, na bibi mwenye sauti kuwazidi wote wawili. Mtoto anaishi katika nyumba hiyo kila siku na anaielewa vizuri. Asichokipata ni kitabu kinachoielewa pamoja naye.

Tena jamaa hiyo haiishii kwenye damu. Pale mdomo wa Ruvuma, penye mikoko, mafungu ya mchanga na matumbawe, watu huishi kwa kutegemeana. Maji yakipwa akina mama huenda pamoja kuokota chaza na kutafuta pweza. Wanaolima mpunga bondeni hulinda kwa zamu, maana kiboko haulizi shamba ni la nani. Mwenye mtumbwi humvusha asiye nao. Tangu mwaka 2000 sehemu hiyo imekuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na wanakijiji wamelazimika kujifunza kutumia bahari ile ile wakiwa na mipaka mipya. Je, hili si somo la jamii? Na kwa nini mtoto wa Msimbati ajifunze ushirikiano kwa mfano wa taa za barabarani asizopata kuziona, ilhali mfano wake uko mlangoni pa nyumba yao?

Wengine walikwisha kuliona

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1965, huko Marekani, mwalimu mmoja aitwaye Nancy Larrick alitangaza hesabu aliyoifanya juu ya vitabu vya watoto vilivyotolewa kwa miaka mitatu, 1962 hadi 1964. Katika vitabu 5,206 alivyovihesabu, vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwa maneno au kwa picha, vilikuwa 349 tu, yaani chini ya saba katika kila mia. Mamilioni ya watoto weusi walikuwa wakijifunza kusoma katika dunia ambayo wao hawakuwamo. Nchi ile ilishtuka, na waandishi wapya wakapata nafasi.

Miaka hiyo hiyo, huko New Zealand, mwalimu Sylvia Ashton-Warner alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi alivyowafundisha kusoma watoto wa Kimaori. Vitabu alivyoletewa vilisimulia maisha ya watoto wa Kizungu, na watoto wake hawakuvishika. Akaviweka kando. Kila asubuhi akamwuliza kila mtoto ni neno gani analitaka, akaliandika kwenye kadi na kumpa. Maneno waliyoyataka yalikuwa ya mapenzi, ya hofu na ya watu wa nyumbani kwao, na maneno hayo hawakuyasahau hata yalipokuwa magumu. Kutoka katika maneno hayo alitunga na kuchora vijitabu kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo hoja ya herufi inapopata jibu lake. Neno mjomba ni gumu kwa jicho, lakini ni jepesi kwa moyo. Mtoto anayempenda mjomba wake atalitambua neno lile zima zima, kama anavyoutambua uso wake kwa mbali njiani, hata kabla hajaweza kuvunjavunja silabi zake. Mwalimu hodari ataliweka chini ya picha, atalisoma pamoja na darasa, na juma la pili litakuwa neno lao.

Udongo huu umekwisha kuzaa vitabu

Atokee mtu aseme: kusini hakuna waandishi. Tutamjibu kwa historia.

Edward Steere, yule askofu wa UMCA aliyekusanya hadithi za Waswahili wa Unguja na kuzipiga chapa London mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watumwa waliokombolewa mpaka Masasi mwaka 1876 na kuanzisha misheni pale. Maana yake ni kwamba shule za upande huu zilianzishwa na mtu aliyejua kuwa hadithi za wenyeji zinastahili kuchapwa. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala aliwapa wenyeji karatasi na penseli, nao wakamchorea watu, wanyama na safari. Michoro hiyo ilichapwa katika kitabu chake. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Unangu, kasisi Yohanna Abdallah, mwenyewe Myao, aliandika kwa Kiyao habari za ukoo, desturi na safari za watu wake. Kitabu chake kilitolewa Zomba mwaka 1919. Hakungoja mgeni amsimulie yeye ni nani.

Hata misheni zenyewe zilijifunza kwamba elimu inayoipuuza nyumba haidumu. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926, alikuwa amekwisha kuona akiwa padri kwamba jando na unyago ndizo shule kuu za upande huu. Badala ya kuzipiga vita, aliliingiza jando katika maisha ya Kanisa. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane naye, lakini aliona ukweli mmoja: jamii iliyo na shule yake haiachi kuitumia kwa sababu tu imejengewa nyingine. Kilicho bora ni kwamba shule mbili hizo zisemezane.

Na picha je? Mkoa huu na jirani zake ndio shina la sanaa ambayo dunia nzima yaitambua. Kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa huonyesha watu wengi katika gogo moja, mkubwa kwa mdogo, kila mmoja ameshikwa na mwingine naye amemshika mwingine. Hakuna picha ya jamaa na jamii iliyo wazi kuliko hiyo. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo wa uchoraji, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Mchoraji wetu John Kilaka alishika mtindo huo na kutengeneza vitabu vya watoto kutokana na hadithi za wazee vijijini. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Uswisi, kwa Kijerumani, mwaka 2001. Watoto wa Zürich walikuwa wakifurahia samaki na wanyama wa Kitanzania ilhali watoto wengi wa Tanzania hawakuwa na kitabu cha picha hata kimoja nyumbani. Tunajivunia heshima ile, lakini twaona uchungu.

Hesabu ya kungoja

Taifa letu halikulala. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzizi wa ujamaa ni jamaa yenyewe, na kwamba jamaa hiyo ipanuliwe mpaka ikumbatie taifa na kuvuka mipaka yake. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya dhidi ya shule inayomtenga mtoto na jamii iliyomzaa. Wengi waliosoma katika miongo iliyofuata wanakumbuka hadi leo masomo ya Tujifunze Lugha Yetu, wakiyasimulia kama mtu asimuliavyo nyimbo za utotoni. Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu cha mtoto: humaliza miaka hamsini kichwani mwa mtu bila kupigwa chapa tena.

Kisha mambo yalibadilika. Kuanzia mwaka 1991 kazi ya kutoa vitabu vya shule iliachiwa wachapishaji binafsi, na mwaka huo huo ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mradi huo uliwasaidia waandishi na wachoraji, na ulinunua nakala na kuzipeleka shuleni ili mchapishaji asipate hasara. Zaidi ya miaka ishirini baadaye vitabu vya kiada vilirudishwa mikononi mwa Serikali kwa njia ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vitabu vya ziada vikabaki kutegemea wenye moyo.

Hapa Mtwara tulipata bahati. Mpango wa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na shirika la Marekani la USAID kuanzia 2016 hadi 2021, uliihusu mikoa ya Mtwara, Ruvuma, Iringa na Morogoro pamoja na Zanzibar, na kazi yake ilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini. Baada yake ulikuja Jifunze Uelewe. Walimu walifundishwa, vitabu vikaja, na shukrani hatuna budi kuzitoa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikakoma kutoa misaada. Uamuzi uliotiwa sahihi Washington ukasikika katika darasa la pili, kijijini kwenye ukingo wa Ruvuma.

Hatuwalaumu. Mali ni yao na uamuzi ni wao. Tunajilaumu sisi, taifa lililoandika juu ya kujitegemea kabla ya wengine, kwamba kitabu cha kumfundisha mtoto wetu habari za mjomba wake kimengoja fedha za mtu asiyemjua mjomba huyo. Cha kuazima hakisitiri matako, na wahenga hawakukosea.

Jirani ng'ambo ya mto

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Mto Ruvuma ni mpaka wa dola mbili, lakini si mpaka wa jamaa. Mtu wa Kilambo ana shangazi ng'ambo, na mtu wa ng'ambo amezikwa Kitaya. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 maelfu walivuka, wakapokewa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Makazi ya Rutamba ni ushahidi wa siku zile. Waliovuka walipewa ardhi na mbegu, na watoto wao wakasoma na watoto wetu. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa juu ya mto huo, ili udugu upite mkavu.

Lakini tangu Oktoba 2017 moto mwingine umewaka Cabo Delgado. Mocímboa da Praia ilishambuliwa, Palma ikashambuliwa Machi 2021, na katikati ya matukio hayo, Oktoba 2020, wauaji walivuka mto wakaingia kijijini kwetu Kitaya. Watu wetu walikufa na nyumba zikachomwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ile leo anasoma. Je, amefundishwa nini juu ya mtu wa ng'ambo? Kwamba kila avukaye ni adui? Au kwamba kila avukaye ni ndugu, hata ajapo na panga? Yote mawili ni uongo, na yote mawili ni hatari. Waliowaingiza vijana katika kundi lile walianza kwa kuwatenga na wazee wao na misikiti ya wazazi wao, wakiwaambia kwamba jamaa yao si jamaa tena. Ulinzi wa mpaka ni kazi ya majeshi yetu, nao wanaifanya. Lakini ulinzi wa moyo wa mtoto huanza na kitabu kinachomweleza, kwa lugha ya umri wake, nani ni ndugu, nani ni jirani, mgeni hupokewaje, na mtoto akiona jambo la kutisha amwambie nani.

Kitabu chenyewe kiweje?

Tusibaki kwenye maneno ya jumla. Kijitabu cha mtoto wa darasa la kwanza au la pili hakihitaji zaidi ya kurasa 16, na karatasi moja kubwa ya kiwandani ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16 kamili. Kila ukurasa una picha moja na sentensi moja, au mbili.

Tuseme hadithi ni hii. Mama anaumwa. Binti yake anatumwa kumwita mjomba, naye mjomba yuko dago. Anakwenda kwa jirani mwenye mtumbwi. Jirani hana dagaa wala fedha, lakini ana kasia. Wanapita kwenye mikoko, maji yanakupwa, mtumbwi unagota mchangani, na wavuvi wasiowajua wanausukuma. Mjomba anafika. Baba naye anafika kutoka shamba la mikorosho. Bibi amekwisha kuwasha moto. Ukurasa wa mwisho mama ameketi, na watu wote wale, wa damu na wasio wa damu, wako uani. Hapo mtoto amesoma sentensi ishirini, na amejifunza jamaa ni nini na jamii ni nini bila kuhubiriwa hata neno moja.

Picha isirudie maneno, iongeze. Maneno yakisema "Mjomba anakuja," picha imwonyeshe amebeba nini begani. Majina ya vitu yawe yale watu wanayoyatumia. Samaki wawe wa pwani yetu, khanga ziwe za mama zetu. Kisha kijitabu kisomwe mbele ya watoto kabla ya kupigwa chapa, na pale watakapopiga miayo pakatwe bila huruma. Baada ya hapo kipelekwe kwa wenye mamlaka ya elimu kipate ithibati kama sheria itakavyo.

Na mambo ya jando na unyago yasiyosemwa hadharani yabaki yasisemwe. Kitabu cha shule hakina haja ya kufungua siri za wazee. Heshima, subira, usafi na kutunza wadogo vyaweza kufundishwa mchana kweupe.

Wako watakaouliza: je, vitabu vya namna hii havitaleta ukabila? Jibu letu ni la! Ukabila ni kusema kwamba jamaa yangu ni bora kuliko yako. Kijitabu hiki kitaandikwa kwa Kiswahili, na neno mjomba lajulikana Tanzania nzima. Mtoto wa Moshi akikisoma atajua jinsi ndugu zake wa kusini wanavyoishi, naye wa Mtwara atasoma cha Moshi ambamo baba na shangazi wamekaa mahali pengine. Umoja wa taifa letu haukujengwa kwa kutojuana.

Nani afanye, nani alipe?

Watu wapo. Mtwara ina vyuo vya ualimu na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris. Wanafunzi wa ualimu wakienda mazoezini vijijini wapewe kazi ya kukusanya hadithi tatu tatu kwa wazee, waziandike kwa sentensi fupi, wazijaribu darasani. Wachongaji na wachoraji wapo. Ndanda ina kazi ya uchapaji ya miaka mingi. Wazee wanaojua hadithi nao wapo, ila hao hawatangoja, maana kila masika yanaondoka na baadhi yao.

Fedha nazo si za kutafuta mbinguni. Huu ni mkoa wa watu zaidi ya milioni 1.6 kwa sensa ya mwaka 2022. Ndio wenye korosho, na vyama vyake vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, huuza kwa niaba ya wakulima kupitia vyama vya msingi. Ndio wenye gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika tangu 2006. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ukiamua, kwa hiari na kwa kumbukumbu iliyoandikwa, kwamba shilingi moja ya kila kilo iende kwenye vijitabu vya shule ya kijiji, tani elfu moja zitatoa shilingi milioni moja. Peke yake haitoshi. Ikiungana na vyama vingine ishirini, na halmashauri ikatenga kidogo kutoka ushuru wa huduma, kazi itaanza. Na fedha hizo zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka: zimeingia ngapi, vimetoka vitabu vingapi, viko shule gani. Vitabu vilivyofungiwa kabatini visihesabiwe kuwa vimetoka.

Wafanyakazi wa bandari, wa viwanda vya kubangua korosho, wa mashamba ya chumvi, nanyi pia mna sehemu yenu. Jioni mtoto akirudi na kijitabu, mwambie akusomee. Ukijua kusoma msahihishe kwa upole. Usipojua, msikilize, umwambie hadithi ile kwenu ilisimuliwaje. Mkono mmoja haulei mwana, na mwalimu mmoja mwenye wanafunzi themanini ana mkono mmoja tu.

Mtwara imekwisha kungoja mambo mengi. Ilingoja reli ya karanga, ikajengwa na ikang'olewa. Ilingoja daraja la Rufiji mpaka mwaka 2003, na kabla yake masika yalipoanza hata gazeti hili halikufika. Mambo hayo yalihitaji chuma na mamilioni, na kungoja kulikuwa na udhuru. Kijitabu cha kurasa 16 chataka hadithi, mchoraji, karatasi moja na nia. Mjomba amesimama mlangoni mwa shule, na wa kumfungulia ni sisi.